Nini Kilibaki Baada ya Roketi? Vituo vya Anga za Juu Afrika Mashariki na Suala la Mafunzo ya Vijana

Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, wakishirikiana na wakazi wa mitaa, walianza kazi ya kuchora ramani za kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko. Kazi hiyo ilijulikana kwa jina la Ramani Huria. Kata ya Tandale, Wilaya ya Kinondoni, ilikuwa imekwisha kuchorwa kwa majaribio mwaka 2011, na Desemba ya mwaka huo huo maji ya bonde la Msimbazi yaliua watu na kuwatoa maelfu katika nyumba zao. Vijana hao walipita uchochoro kwa uchochoro wakiandika penye mfereji, penye kisima, penye nyumba iliyojengwa juu ya njia ya maji. Vyombo vidogo visivyo na rubani vilipiga picha kutoka juu. Picha za satelaiti nazo zilitumika. Lakini kati ya satelaiti zilizopita juu ya Tandale mwaka ule hapakuwa na hata moja ya Tanzania.

Makada wengi, wakisikia neno roketi, hudhani kwamba hilo ni jambo la mataifa makubwa, na kwamba nchi ya wakulima na wafanyakazi ina mambo yaliyo karibu zaidi ya kushughulikia. Fikra hiyo ina sababu zake, lakini inapingana na historia. Sehemu yetu hii ya Afrika imekuwa na uhusiano na roketi kwa zaidi ya miaka 60. Waliofanya shughuli za anga za juu walikuja wenyewe kwetu, wakaomba ardhi, wakaomba bahari, wakakaa, wakaondoka. Swali linalotupasa kuliuliza ni jepesi kulitamka: walipoondoka, nini kilibaki mikononi mwa vijana wetu?

Tuanze na Tunguu. Tarehe 14 Oktoba 1960 Uingereza, iliyokuwa bado inaitawala Zanzibar kwa jina la ulinzi, ilitiliana saini na Marekani mkataba wa kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya anga kisiwani Unguja. Kituo kilijengwa Tunguu, nje ya mji. Kilikuwa kimoja katika mlolongo wa vituo na meli zilizozunguka dunia kwa ajili ya mradi wa Mercury, yaani mradi wa kwanza wa Marekani wa kumpeleka mtu nje ya hewa ya dunia. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Chombo kilipopita juu ya pwani yetu, mitambo ya Tunguu ilipokea habari za mapigo ya moyo wa rubani, joto la chombo na hali ya mitambo, kisha ikazituma Marekani. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, Tunguu ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizozungumza naye.

Tunguu hapakuwa na roketi hata moja. Hata hivyo hofu ilienea Unguja kwamba kisiwa kimegeuzwa ngome ya kivita, na kwamba siku mabeberu wakipigana na maadui zao, bomu la kwanza litatuangukia sisi. Wako wanaoicheka hofu hiyo leo, nasi hatuwaungi mkono. Mwananchi hakuulizwa. Mkataba ulitiwa saini na mtawala na rafiki wa mtawala, juu ya ardhi ambayo haikuwa mali ya yeyote kati yao. Mtu asiyeambiwa kinachofanyika nyuma ya ua shambani kwake ana haki ya kudhani mabaya. Upinzani ulikuwapo tangu mwanzo, na ulitumika sana katika siasa za vyama za miaka ile, mara nyingine kwa nia safi na mara nyingine kwa kutafuta kura.

Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964, Wamarekani waliokuwa kisiwani waliondolewa kwa meli ya kivita. Mwezi Aprili, mwezi ule ule uliozaa Muungano, Serikali ya Mapinduzi ilitoa amri kituo kiondoke, nacho kikang'olewa. Mitambo ilifuata wenyewe. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwa kuwa serikali ya wananchi haiwezi kurithi mkataba wa mkoloni kama inavyorithi barabara. Lakini wanafunzi wa historia hawana budi kuona pia upande wa pili. Haki ya kukifunga kituo ilitekelezwa katika mwezi mmoja. Uwezo wa kukiendesha haukuwapo kabisa, wala usingeweza kuwapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kikuu kishiriki chenye kitivo kimoja tu cha sheria. Nchi iliyokuwa inamfundisha mwanasheria wake wa kwanza isingeweza kudai kiti mbele ya mtambo wa Tunguu.

Hapo ndipo ilipo tofauti na kituo cha pili, kilichojengwa katika pwani hii hii, kaskazini ya Malindi, Kenya. Kituo hicho kiko katika ghuba ya Ngwana, na kilianzishwa na Waitalia chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Huko roketi zilikuwapo kweli kweli. Zilirushwa kutoka juu ya majukwaa mawili ya chuma yaliyosimamishwa baharini, San Marco na Santa Rita, ya aina ile inayotumika kuchimbia mafuta.

Kwa nini Malindi? Jibu linatuhusu sana, kwa sababu ndilo linaloeleza thamani ya mali yetu ambayo wengi wetu hatujui kwamba tunayo. Dunia inajizungusha, na mtu aliyesimama karibu na ikweta anakwenda nayo kwa mwendo mkubwa kuliko mtu wa mahali pengine. Pale Ngwana, karibu nyuzi 3 kusini ya ikweta, roketi iliyosimama tu tayari ina mwendo wa mita 464 hivi kwa sekunde kuelekea mashariki. Pale Florida, wanakorushia Wamarekani, mwendo huo ni kama mita 408. Tofauti hiyo ni mafuta yasiyonunuliwa. Tena, satelaiti inayotakiwa kuzunguka juu ya ikweta yenyewe hurushwa moja kwa moja bila kupoteza nguvu ya kukata kona angani. Na upande wa mashariki kuna bahari tupu, kwa hiyo vipande vya roketi vikianguka havimwangukii mtu. Ikweta, mashariki wazi, bahari ya amani: mali asili hiyo haichimbwi wala haipimwi kwa mizani, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuitoa kwa bei ndogo.

Tarehe 26 Aprili 1967 satelaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ya aina ya Scout isiyobeba mtu ilichukua satelaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina la Uhuru. Hiyo ndiyo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na kutokana na kazi yake wataalamu walipata ushahidi mzito kwamba katika kundi la nyota liitwalo Cygnus kuna kitu kizito ambacho hata mwanga hautoki ndani yake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Sisi tunalipenda jina hilo la Uhuru, na hatuoni aibu kusema hivyo. Neno la Kiswahili lilisomwa katika maabara za dunia nzima. Lakini jina ni zawadi ya mgeni. Roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Italia, tuzo ikaenda kwa mtaalamu wa Marekani mzaliwa wa Italia, na Kenya ikabaki na bahari yake. Roketi za Scout 9 zilirushwa kutoka San Marco, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Baada ya hapo majukwaa yalibaki yamesimama majini bila kazi ya kurusha, na kituo cha nchi kavu kikaendelea kupokea habari za satelaiti. Miaka 21 tangu satelaiti ya kwanza hadi ya mwisho, bila satelaiti hata moja ya Kenya.

Katika mwaka 1964 huo huo uliong'oa Tunguu, Zambia ilikuwa inajitayarisha kwa uhuru wake wa tarehe 24 Oktoba, na karibu na Lusaka palikuwa na kambi ya mafunzo ya anga za juu kwa vijana. Mkuu wake aliitwa Edward Makuka Nkoloso. Alikuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, akawa mwalimu, akawa mpigania uhuru wa chama cha UNIP, akafungwa na kuteswa na wakoloni. Aliwafundisha vijana wachache, mmoja wao msichana mwenye umri wa miaka 17, Matha Mwambwa. Aliwaviringisha mteremkoni ndani ya pipa la mafuta ili wazoee kizunguzungu. Aliwabembeza kwa kamba kisha akaikata kamba ikiwa juu, ili kwa nukta moja waonje hali ya kukosa uzito. Aliomba UNESCO pauni milioni 7. Hakupewa.

Magazeti ya Ulaya na Marekani yalicheka sana, na kicheko hicho kilikuwa na ubaguzi ndani yake. Wako waandishi wa siku hizi wanaosema kwamba Nkoloso naye alikuwa anawacheka wacheka hao, na wako wanaodai kwamba kambi ile ilikuwa pazia la kuwafundisha wapigania uhuru. Ni kweli kwamba baadaye alifanya kazi katika ofisi ya vyama vya ukombozi mjini Lusaka. Hatutaki kumgeuza kuwa mtume, kwa sababu pipa la mafuta halimfikishi mtu mwezini na kijana anayeviringishwa ndani yake hapati elimu ya fizikia. Ila jambo moja alilitambua ambalo mikataba ya Tunguu na Ngwana haikulitambua: alianza na vijana. Alikuwa na wanafunzi bila mitambo. Wenye mitambo nao walikuwa hawana mwanafunzi hata mmoja wa Kiafrika aliyetajwa kwa jina.

Shaba inatuonyesha sura mbaya kuliko zote. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilitia saini mkataba na kampuni ya watu binafsi ya Ujerumani Magharibi iliyoitwa OTRAG, iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser. Kampuni ilipewa eneo la kilometa za mraba 100,000 hivi katika jimbo la Shaba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hadi mwaka 2000. Mkoa wote wa Dar es Salaam, yaani Kinondoni, Temeke na wilaya zake nyingine zote, ungeweza kuingia humo zaidi ya mara 70.

Fikra ya kiufundi ya Kayser haikuwa ya kijinga. Alitaka kutengeneza roketi ya mizigo isiyo na rubani ambayo hata nchi maskini ingeweza kuikodi ili kurushiwa satelaiti. Badala ya roketi moja kubwa ya gharama, alifunga pamoja mabomba mengi membamba yanayofanana. Nishati yake ilikuwa mafuta yanayofanana na ya taa pamoja na asidi ya naitriki, na vali zake zilifunguliwa na mota ndogo za kufutia vioo vya gari. Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 17 Mei 1977 na likaenda vizuri. La pili lilifanyika Mei 1978. La tatu, tarehe 5 Juni 1978, lilifanyika mbele ya Mobutu mwenyewe, na roketi ilipoteza mwelekeo ikaanguka. Mwaka uliofuata, baada ya mashaka ya nchi jirani na msukumo wa mataifa makubwa, Mobutu aliisimamisha kampuni. Ikahamia Libya.

Baada ya mkataba wa Shaba kilibaki kiwanja cha ndege nyikani. Ahadi ya roketi rahisi kwa nchi maskini ilitolewa na kampuni ambayo haikuwa na sababu yoyote ya kumfundisha Mkongo kuitengeneza, kwa kuwa siku Mkongo angeweza kuitengeneza, mteja angepotea.

Hapa tunaomba msomaji arudi nasi Dar es Salaam katika miaka hiyo hiyo, kwa sababu kuna ulinganisho ambao haujatazamwa vya kutosha. Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Mlimani, ambako wakati ule kulikuwa chini ya Kinondoni na leo ni Wilaya ya Ubungo. Kilifunguliwa kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, nchi ile ile ilikotoka OTRAG. Ni vema kukumbuka pia kwamba mwaka 1965 Mwalimu Nyerere alikuwa ameiambia serikali ya Bonn ichukue misaada yake yote, ilipotaka kutumia misaada hiyo kutuamulia uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki. Waliporudi, walirudi kwa masharti ya kuheshimiana, na walichokijenga kilikuwa shule. Upande wa Temeke, inakoanzia reli ya TAZARA, vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa China kusomea kazi za reli kabla reli yenyewe haijakamilika. Reli imepata matatizo mengi, na wakosoaji wake wana mengi ya kusema. Lakini fundi aliyefundishwa hakung'olewa kama mitambo ya Tunguu.

Kwa hiyo utaifa wa mgeni hautoshi kueleza matokeo. Mjerumani wa Shaba na Mjerumani wa Mlimani walikuwa na pasi ya aina moja. Kilichotofautiana ni mkataba, na nguvu ya nchi mwenyeji ya kudai kitu kingine zaidi ya kodi ya ardhi.

Ushahidi wa pili umekuja katika miaka ya karibuni, na umekuja kwa njia ambayo Kayser angeitambua, yaani kwa roketi za mizigo zisizobeba watu. Juu ya vichwa vyetu, kimo cha kilometa 400 hivi, kuna Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu chenye watu ndani yake wakati wote. Watu hao wanahitaji chakula, maji, nguo na vipuri. Vitu hivyo hupelekwa na vyombo vya mizigo vinavyojiendesha. Katika shehena hiyo hubaki nafasi, na kwenye nafasi hiyo huwekwa satelaiti ndogo za umbo la mchemraba, kila upande sentimita 10. Zikifika, wanaanga huzipitisha kwenye mlango wa maabara ya Kijapani iitwayo Kibo, mkono wa mtambo huzitoa nje, na springi huzisukuma zianze safari yake.

Kwa njia hiyo Kenya ilipata satelaiti yake ya kwanza. Iliitwa 1KUNS-PF, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, kile kile cha Broglio. Ilipanda kutoka Florida katika chombo cha mizigo tarehe 2 Aprili 2018 na kuachiwa angani tarehe 11 Mei. Uzito wake ulikuwa kama wa mfuko wa unga wa kilo moja. Waitalia na Wakenya walikaa pamoja pwani ya Malindi kwa miaka zaidi ya 50 ndipo kikapatikana kisanduku hicho, na bado hakikupanda kutoka Malindi. Rwanda ilifuata na RwaSat-1, iliyopanda kutoka Japani Septemba 2019 baada ya wahandisi wake kuitengeneza pamoja na Chuo Kikuu cha Tokyo. Uganda iliwapeleka wahandisi vijana 3 katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, nao wakatengeneza PearlAfricaSat-1. Chombo cha mizigo kilichoibeba kilipanda kutoka Virginia tarehe 7 Novemba 2022, na bawa lake moja kati ya mawili ya kukusanya nguvu ya jua likagoma kufunguka. Kilifika na bawa moja. Tarehe 2 Desemba kisanduku cha Uganda kiliachiwa, pamoja na cha Zimbabwe.

Tusitie chumvi. Visanduku vya kimo hicho huvutwa chini na hewa nyembamba na kuungua baada ya mwaka mmoja au miwili. Picha zake hazifikii picha za satelaiti kubwa za kibiashara, na kwa ramani ya mfereji wa Tandale hazingetosha. Roketi bado ni za wengine, na nafasi hutolewa kwa fadhila ambayo yaweza kukoma. Wanaosema kwamba fedha hizo zingechimba visima wanastahili kujibiwa kwa hesabu badala ya kubezwa. Ila katika mikataba hii chombo kikiungua angani, mtengenezaji wake hubaki duniani. Kenya ilipofuata na Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, satelaiti kubwa zaidi ya kupiga picha, iliyojengwa na kupimwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria, usanifu ulikuwa wa wahandisi 9 wa Kenya.

Tanzania nayo imeingia katika mazungumzo. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza nia ya nchi kurusha satelaiti yake. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, iko Kijitonyama, Kinondoni, na makondakta wa daladala wameligeuza jina lake kuwa kituo: Sayansi. Kutoka Sayansi hadi Tandale ni mwendo wa miguu. Kambi ya Mgulani ya Jeshi la Kujenga Taifa, kule Temeke, imepokea vijana kwa miongo mingi na kuwafundisha nidhamu na kazi za mikono. Hatuoni sababu ya kambi za namna hiyo kukosa darasa la umeme wa satelaiti na usomaji wa picha za anga. Vijana wa Ramani Huria walikwisha kuonyesha kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili na mjumbe wa mtaa wanaweza kusoma picha moja wakaelewana.

Makada watakaoupata mkataba huo mezani wautafute ukurasa wa mafunzo kabla ya ukurasa wa bei. Uandike ni vijana wangapi watakaokwenda, watakaa muda gani, watashika chombo kwa mikono yao au watakitazama kupitia kioo, na wakirudi watakuta maabara ipi. Wahandisi wa Uganda walifanya kazi Kyushu kwa zaidi ya miaka miwili kabla kisanduku chao hakijafungwa kati ya mifuko ya chakula cha wanaanga. Tarehe yoyote itakayotajwa ya kurusha satelaiti ya Tanzania inatakiwa ihesabiwe kurudi nyuma kutoka hapo.